Kengele Ilirudi Kabla ya Mguu: Kisa cha Kurejea Mbio za Alfajiri Baada ya Marathoni

Kisa hiki ni cha mkimbiaji mmoja wa kundi ninalolinoa. Nitamwita Bi. Z. Jina lake, kazi, mji na mashindano yenyewe nimeviondoa, na tarehe zote nimezigeuza kuwa hesabu ya siku tangu marathoni. Amesoma rasimu, akanisahihisha mahali pawili, akasema niandike. Nakiandika kwa ajili ya makocha wa vikundi vidogo na kwa wanaojinoa wenyewe, kwa sababu ratiba niliyompa ukiisoma huoni kosa, na bado aliumia.

Usuli

Bi. Z ana miaka 43. Alianza kukimbia miaka sita iliyopita, na marathoni hii ilikuwa ya tatu kwake. Hakuwa na historia ya majeraha ya maana, ila vigimbi vilikuwa vikimkaza akiongeza kasi ghafla. Ana watoto wawili wa shule na kazi inayoanza saa mbili asubuhi, kwa hiyo nafasi yake ya mazoezi ni moja tu: alfajiri. Kengele ya simu yake hulia saa kumi na dakika arobaini. Saa kumi na moja kamili kundi linaondoka.

Kundi letu lina watu sita au saba, na lina desturi moja tuliyokuwa tukijivunia: halimsubiri mtu. Ukifika saa kumi na moja na dakika mbili, utaona migongo. Nilidhani desturi hiyo inajenga nidhamu. Inajenga kweli, lakini pia humfanya mtu atoke kitandani hadi barabarani kwa dakika chache mno, na kilomita yetu ya kwanza ni kilima.

Maandalizi yake yalichukua wiki 16, kilele kikiwa kilomita 64 kwa wiki, kisha wiki tatu za kupunguza. Siku ya mashindano alimaliza kilomita 42.195 kwa muda wa saa 4 na dakika 6, akiwa amepunguza dakika 11 kwenye muda wake bora. Hakugonga ukuta, kama wakimbiaji wanavyouita ule uchovu wa ghafla wa kilomita za mwisho. Kilomita tano za mwisho zilikuwa miongoni mwa zake za kasi zaidi. Natilia mkazo jambo hilo kwa sababu lilitudanganya sote wawili. Mtu aliyemaliza kwa nguvu namna ile, unamwona kama hakutumika sana.

Ratiba ya kurejea niliijenga juu ya kanuni ya zamani inayohusishwa na Jack Foster wa New Zealand, yule aliyekimbia marathoni kwa 2:11:18 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1974 akiwa na miaka 41: kwa kila maili uliyoshindana, siku moja ya kwenda taratibu. Marathoni ina maili 26 na ushei, kwa hiyo siku 26 bila mazoezi ya kasi wala mashindano. Ni kanuni ya uzoefu na haikutoka maabara, lakini imewasaidia wengi, nami bado naiheshimu.

Yaliyotokea

*Siku ya 1 hadi ya 9.* Siku mbili za kwanza Bi. Z alishuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta. Hilo ni la kawaida. Mavune ya misuli baada ya kazi nzito hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, na misuli ya mbele ya paja ndiyo hulalamika zaidi mtu anaposhuka, kwa sababu inalazimika kukaza huku ikirefuka. Siku ya nne mavune yalikuwa yamekwisha. Alitembea. Siku ya saba, jioni, alikimbia dakika 20 taratibu, akaniandikia: "Kocha, miguu ni mipya."

*Siku ya 10.* Alirudi kundini alfajiri, kilomita tano. Wiki ile alifanya jumla ya kilomita 15 kwa siku tatu. Wiki iliyofuata, ya tatu tangu marathoni, alifanya asubuhi nne, jumla kilomita 26. Ya nne ilipangwa iwe 34. Hakukuwa na kasi, wala mbio ndefu. Hadi wiki ya tatu alikuwa chini ya nusu ya kilele alichokimudu kabla ya marathoni.

*Siku ya 17.* Aliniambia kwa kupitia tu, tukiwa tunaagana, kwamba kisigino cha kulia "kinakuwa kizito" akishuka kitandani, ila akikimbia dakika kumi kinaachia. Nikamwambia aje kesho yake jioni nimwangalie. Alikuja. Alikimbia dakika 30 mbele yangu, hatua nzuri, hachechemei, hasikii kitu. Nikamwambia ni ukakamavu wa kawaida, aendelee.

Wiki hiyohiyo alishikwa na mafua. Tena aliniambia, baadaye sana, kwamba saa yake ya mkononi ilikuwa ikionyesha mapigo ya moyo 58 hadi 61 kwa dakika akiwa ametulia, ilhali kawaida yake ni 51 hadi 53. Hakuona haja ya kunieleza kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

*Siku ya 24.* Alfajiri, baada ya kilima, alisimama. Wenzake waliendelea, kama desturi. Alirudi nyumbani akitembea kwa upande wa nje wa wayo. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mguu unanikatalia." Safari hii nilifika kwake mapema, kabla hajaoga. Nilimwomba asimame kwa mguu mmoja, vidole vya mikono vikigusa ukuta kidogo tu, ajiinue kwa ncha ya mguu na kushuka, taratibu, ahesabu. Kushoto alifika 22. Kulia alifika saba, na kuanzia ya nne uso ulikunjamana. Nikabonyeza kano ya kisigino kwa kidole gumba na cha shahada, kutoka chini kwenda juu. Kama vidole vitatu juu ya kisigino alivuta mguu.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa rahisi: asikimbie tena hadi aonwe. Kuna mambo mawili ambayo kocha hapaswi kuyakisia. La kwanza ni kano iliyokatika. La pili ni ufa wa uchovu kwenye mfupa, na hili huwa nalihofia zaidi katika wiki za tatu na nne. Mfupa uliochoshwa hujikarabati kwa kula sehemu iliyochakaa kwanza, kisha ndipo hujenga mpya. Katikati ya shughuli hizo mbili kuna majuma ambayo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya mashindano. Maumivu ya sehemu moja juu ya mfupa wenyewe, yanayozidi kadiri unavyokimbia na kukusumbua hata usiku umelala, hayo si ya kupasha moto yakapita.

Mtaalamu wa fiziotherapia alimlaza kifudifudi, nyayo zikining'inia ukingoni mwa kitanda, akaminya kigimbi. Wayo ukacheza kama kawaida. Kano ilikuwa nzima. Mifupa haikuwa na maumivu popote. Jibu likawa kano ya kisigino iliyolemewa, sehemu ya katikati, hali ya mapema.

Hapo tulikaa watatu, na mtaalamu akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliuliza kwa siku 24: "Unalala saa ngapi?"

Saa tano usiku, akajibu. Kabla ya marathoni alikuwa analala saa tatu na nusu. Baada ya mashindano, kengele ikiwa imezimwa, alirudi kwenye jioni za watu wengine: mazungumzo na mumewe watoto wakishalala, tamthilia, simu. Na alistahili. Aliamka saa kumi na mbili na nusu, usingizi wa saa saba na nusu, akawa mwepesi na mwenye furaha. Siku ya kumi kengele ilirudi kulia saa kumi na dakika arobaini, ila saa ya kulala haikurudi nayo. Piga hesabu: saa moja na dakika 50 zilizokatwa kila asubuhi ya mazoezi. Kwa asubuhi nne, hizo ni saa saba na dakika 20. Karibu usiku mmoja mzima kila wiki, ukiondolewa kwa mtu ambaye mwili wake bado unafanya ukarabati.

Kutoka hapo mpango uligawanyika. Nilikuwa nimemrudisha kwenye vitu viwili kwa pamoja, mbio na alfajiri, huku nikipima kimoja tu. Tuliamua kuvitenganisha: mbio zirudi jioni, alfajiri irudi bila mbio, na viwili hivyo vikutane baadaye.

Upande wa mbio, tulikataa kumpumzisha kabisa. Kano haipendi kuachwa bila kazi. Ukiipumzisha wiki sita inarudi dhaifu zaidi, na siku ya kwanza ya kilima unaanza upya. Wiki ya kwanza alifanya mazoezi ya kujishikilia: anajiinua kwa ncha za miguu nusu ya safari na kubaki pale sekunde 45, mara tano. Kisha akaingia kwenye kujiinua na kushuka taratibu ukingoni mwa ngazi. Zoezi la kushusha kisigino ukingoni lilipata umaarufu tangu mwaka 1998, daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, na wenzake walipoonyesha faida yake: seti tatu za mara 15, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Bi. Z alipewa toleo la polepole zaidi na lenye uzito mgongoni, siku moja ndiyo, moja hapana, kwa sababu mtaalamu alimwona ni mtu asiyeweza kutimiza seti za kila siku akiwa na kazi na watoto. Nakubaliana naye. Mazoezi bora ambayo hayafanywi hayaponyi kano.

Mbio za jioni zilianza siku ya 29: dakika moja kukimbia, moja kutembea, jumla dakika 20, mahali tambarare, mara tatu kwa wiki. Jioni kwa sababu mwili umeshachangamka na kano imeshafanya kazi mchana kutwa.

Kipimo chetu kilikuwa hiki. Wakati wa kukimbia, maumivu yasizidi 3 kwenye mizani ya 0 hadi 10. Lakini hakimu wa kweli alikuwa asubuhi ya pili: akishuka kitandani ahesabu hatua ngapi hadi uzito ule uachie. Zikiwa sawa na jana au pungufu, aendelee. Zikiongezeka, arudi nyuma hatua moja. Alitundika karatasi ndani ya mlango wa kabati na kuandika namba moja kila siku kwa penseli. Siku ya 26 aliandika 40. Aliniambia alihesabu hadi jikoni na kurudi.

Ndiyo sababu tulimkataza pia dawa za maumivu kabla ya kukimbia. Mbali na madhara mengine, dawa ingemziba mdomo hakimu huyo.

Upande wa alfajiri, utaratibu ulikuwa wa kuchosha na wa kitoto kidogo, na ulifaa. Saa ya kulala ndiyo iliyotangulia kusogezwa, dakika 15. Kengele ilifuata usiku wa pili au wa tatu, dakika 15 vilevile. Kutoka saa kumi na mbili na nusu hadi saa kumi na dakika arobaini ni dakika 110. Kwa mwendo huo ilichukua wiki tatu na siku kadhaa. Jioni taa za sebuleni zilipunguzwa na simu ikaachwa chumba kingine, maana mwanga mkali wa usiku huirudisha nyuma saa ya mwili, na ule wa asubuhi huivuta mbele. Akiamka alivaa viatu vya kukimbia na kutembea dakika 20. Kutembea tu.

Alichukia kutembea. Alisema anajiona kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Kundi likampita mara mbili katika wiki ya kwanza, na mara ya pili alijificha nyuma ya mti, jambo ambalo amenikatalia nisiliandike halafu akabadilisha mawazo.

Uamuzi wa mwisho haukumhusu yeye peke yake. Nilibadilisha njia ya kundi: tambarare kwanza, kilima baada ya kilomita mbili, na dakika kumi za mwanzo ni za kutembea na mchakamchaka wa taratibu. Kulikuwa na upinzani. Mmoja aliuliza mbele ya wote, "Kocha, hili sasa ni kundi la kukimbia au la kutembeza miguu?" Mwingine alilalamika atachelewa kazini, na alikuwa na haki. Tulikubaliana kwamba njia inafupishwa kwa dakika hizohizo kumi. Watu wawili waliacha kuja. Mmoja amerudi.

Matokeo

Nusu marathoni aliyokwisha kujiandikisha, iliyokuwa siku ya 56, aliiacha. Hilo lilimuuma kuliko mguu, na kwa muda wa kama wiki moja majibu yake kwangu yalikuwa "sawa" tupu.

Siku ya 51 alikimbia alfajiri kwa mara ya kwanza tangu asimame kilimani: dakika 12 za kutembea, kisha dakika moja kukimbia, moja kutembea, mara nane. Karatasi ya kabatini siku iliyofuata ilisema 6. Siku ya 60 mapigo ya moyo akiwa ametulia yalikuwa 52. Siku ya 65 alikimbia dakika 35 mfululizo. Siku ya 78 alirudi kundini kwa njia nzima, asubuhi tatu kwa wiki badala ya nne. Ya nne ameihamishia mwisho wa juma, akiamka bila kengele. Jaribio la kujiinua kwa mguu mmoja lilitoa 24 kushoto na 21 kulia.

Hatua za kwanza za asubuhi hazikuwa safi kabisa hadi karibu siku ya 100. Kwa wiki kadhaa karatasi ilikuwa inaandika 2, 1, 2, 2, 1, bila kushuka hadi sufuri, na kila wiki ilinibidi nimwambie kwamba kano huwa ya mwisho kuondoka kwenye msiba.

Uchambuzi

Nianze na kilichotudanganya. Siku ya kumi baada ya marathoni, mkimbiaji aliyejiandaa vizuri hujisikia mwepesi kuliko kawaida. Alipunguza mazoezi kwa wiki tatu, akapumzika siku kadhaa, akiba ya glaikojeni, yaani sukari inayohifadhiwa kwenye misuli, imerudi, na uwezo wa moyo na mapafu haushuki kwa kiasi cha kuonekana kwa muda mfupi kama huo. Mavune nayo yamekwisha. Kwa hiyo kila kinachoweza kusema kinasema twende. Kano haisemi. Ina mishipa michache ya damu, hujijenga polepole, na kama imechoshwa, malalamiko yake ya kwanza ni ukakamavu wa dakika chache ambao mtu mzima yeyote ataudharau. Bi. Z alipoandika "miguu ni mipya" alikuwa anasema kweli kuhusu misuli. Mimi nilisikia mguu mzima.

Sasa alfajiri. Kilomita tano za saa kumi na moja alfajiri na kilomita tano za saa kumi na mbili jioni ni sawa kwenye daftari tu. Joto la mwili hufikia kiwango cha chini kabisa kama saa mbili hivi kabla ya wakati tuliozoea kuamka. Bi. Z, aliyekuwa amezoea kuamka saa kumi na mbili na nusu, kengele ilimkuta karibu na shimo hilo, wakati kabla ya marathoni ilimkuta akiwa anapanda kutoka humo. Ongeza ule uzito wa kichwa wa baada ya kuamka, ambao kwa kawaida huchukua robo hadi nusu saa kupungua na huwa mbaya zaidi kwa aliyekatizwa usingizi: mtu hakanyagi vizuri, haoni vizuri, hapimi vizuri maumivu yake. Diski za uti wa mgongo zimenyonya maji usiku kucha na kuvimba kidogo, kwa hiyo hata kuinama kufunga kamba za viatu ni kazi. Katika hali hiyo tulimpa dakika 20, nyingi zikiwa za kutafuta soksi, halafu kilima. Kupanda kilima hukunja kifundo zaidi na kuivuta kano ya kisigino zaidi kuliko tambarare. Kwa maneno mengine, tulichagua dakika ambayo kano imekakamaa kuliko zote katika siku, tukaipa kazi nzito kuliko zote katika njia.

Alifanya hayohayo miaka sita bila kuumia, kweli. Ila alikuwa anayafanya akiwa amelala saa saba na kano isiyo na deni. Marathoni iliacha deni, na mapumziko yaliondoa usingizi wa mapema. Wengi wetu tunadhani mapumziko hupoteza pumzi. Kwake yalipoteza saa ya kulala, na hilo halionekani kwenye kumbukumbu ya kilomita.

Kosa langu kubwa zaidi halikuwa ratiba. Kanuni ya Foster ilifuatwa, ongezeko lilikuwa la kiasi, na kama angekuwa mkimbiaji wa jioni nadhani ingetosha. Kosa lilikuwa siku ya 18. Mtu ananiambia ana tatizo linalotokea saa kumi na dakika arobaini alfajiri na kutoweka baada ya dakika kumi za kukimbia, nami namwita aje saa kumi na mbili jioni nimtazame akiwa ameshapata moto. Nilichunguza saa ambayo ugonjwa hauko nyumbani. Jaribio la kujiinua kwa mguu mmoja lingechukua dakika mbili siku ile, na kwa kuwa linapima nguvu ya kano na kigimbi kuliko maumivu tu, huenda lingeonyesha tofauti ya pande mbili hata jioni. Sikulifanya. Sasa nalifanya kwa kila aliyetoka marathoni, siku ya saba na siku ya 14, na asiyefikisha pande zote mbili karibu sawa hapandi kilima.

La pili, na hili linanisumbua zaidi kwa kuwa ni la tabia: dalili zote tatu zilikuwepo. Mapigo ya moyo yaliyopanda, mafua, ukakamavu wa asubuhi. Kila moja peke yake ina maelezo ya kawaida. Watoto wa shule huleta mafua nyumbani, na mapigo hupanda kwa sababu nyingi. Ila zilikuwa mifukoni mwa watu tofauti: moja kwenye saa yake, moja kwa mumewe aliyekuwa akimwona anavyoshuka kitandani, moja kwangu. Ratiba yangu haikuwa na mahali pa kuziweka pamoja. Sasa daftari la kundi lina safu mbili mpya, saa ya kulala na hatua za kwanza. Watu huzijaza kwa uvivu, lakini hata uvivu wenyewe unanieleza kitu.

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni ile karatasi kuliko zoezi lolote. Mkimbiaji aliyezuiliwa hujadiliana na kocha. Ni vigumu kujadiliana na namba uliyoiandika mwenyewe ukiwa umeshika ukuta. Mara mbili alitaka kuongeza dakika na mara mbili karatasi ilimkatalia, mimi nikiwa sijafungua mdomo. Na kuna jambo la ajabu kidogo hapo: alfajiri ileile iliyomuumiza ndiyo iliyogeuka kuwa kipimo chake bora, kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo kano husema.

Kutembea alfajiri nako kulifaa kwa namna ambayo sikuitarajia. Nililiweka kama zoezi la kuizoesha saa ya mwili. Lakini lilimfundisha kuwa nje kabla ya jua bila kupimwa muda, na aliporudi kundini aliendelea kufika dakika 15 kabla ya wengine na kuzunguka peke yake. Siwezi kudai kwamba kutenganisha mbio na alfajiri ndiko kulikomponya. Usingizi ulirudi, mzigo wa mbio ulipungua, mazoezi ya kano yalifanyika, vyote kwa wakati mmoja, na kisa cha mtu mmoja hakiwezi kuvigawa. Ninachoweza kusema ni kwamba mara ya kwanza tulirudisha vyote pamoja ikatuchukua siku 14 kumvunja, na mara ya pili tulirudisha kimoja kimoja, hakuvunjika.

Ambacho bado hakijanikaa sawa ni kundi. Desturi ya kutomsubiri mtu tumeilegeza, na asubuhi nyingine naona imelegea mno: watu wanafika saa kumi na moja na robo na kahawa mkononi. Sijapata namna ya kuwa na vyote viwili.

Juzi kijana mmoja wa kundi, siku ya nane baada ya marathoni yake ya kwanza, alinitumia ujumbe saa kumi na moja kasorobo akiuliza kama aje. Nikamuuliza jana alilala saa ngapi. Hakujibu hadi saa mbili asubuhi, akaomba radhi kwamba alipitiwa na usingizi simu ikiwa mkononi.